Mji Uliovaa Viatu

1

Wanaume wa Lihumbati wamejifunza kutembea kama kuku walionyeshewa mvua. Niliwatazama asubuhi ile wakiingia mmoja mmoja katika ghala la ushirika, mabega yameshuka, mikono imewekwa mbele ionekane, hatua fupi, macho chini. Kila aliyefika mlangoni aligeuza kifundo cha mkono akatazama bangili yake. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Kumi na saba. Walipoona namba ni ya kijani wakashusha pumzi, wakakaa juu ya magunia kwa adabu kama watu waliokuja kuposa.

Juu ya bati Mizani ilikuwa ikivuma. Ni vyombo vinne, kila kimoja upana wa sinia la wali, na vimening'inia juu ya mji wetu mwaka wa tatu sasa bila kutua. Vinapima mwendo wa mtu, sauti yake, joto la mwili wake, na nani anamtii akisema. Chini ya arobaini wewe ni raia, na hakuna jeshi linaloruhusiwa kukugusa, si la Shirikisho lililoshika daraja, wala la Waliojitenga walioko ng'ambo ya mto. Ukizidi arobaini bangili inakuwa nyekundu, na kuanzia hapo wewe ni mpiganaji, hata kama umebeba kikapu cha mayai.

Kikao kilimhusu Nesi Kresensia Mapunda, mkunga wetu. Namba yake ilikuwa sitini na moja.

"Leo siku ya tatu," alisema Eginald Nyoni, katibu wa kamati, kwa ile sauti yake ya siku hizi, sauti ya mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. "Mkataba wa Mizani unasema siku tatu. Saa sita mchana tusipomkabidhi darajani, mji mzima unaondolewa kinga."

"Najua mkataba unasema nini. Mimi ndiye niliyeusoma."

Na ni kweli. Kurasa mia moja na kumi na mbili. Katika mji wa watu elfu tatu niliusoma peke yangu, mimi Osmund Ngonyani, niliyejifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na moja, darasani jioni, baada ya kushusha magunia mchana kutwa katika ghala hilihili. Wenzangu waliosoma shule za asubuhi walitia dole gumba wakaenda kunywa.

"Basi, Mwenyekiti, unajua," akasema Eginald. "Tumeshakabidhi wanne. Sisi wengine tupo hai."

"Na wale wanne?"

Hakuna hata mmoja kati ya wanne wale aliyewahi kurudi au kuleta salamu. Mmoja alikuwa seremala, na kosa lake lilikuwa kupiga nyundo kama mtu mwenye hasira.

"Haya, Kresensia kosa lake nini?"

"Anakimbia."

"Anakimbilia wazazi. Ulitaka mtoto angoje kwanza mkunga atembee kama wewe?"

"Tena anapiga kelele. Leta maji, shika hapa, wewe toka nje. Na watu wanatii, Mwenyekiti. Mizani imeona mtu anakimbia na begi, anaamuru, anatiiwa. Imemwandika kamanda wa kikosi."

Mtu mmoja nyuma alitaka kucheka. Akatazama bangili, akakimeza kicheko chake kama kidonge. Nilimdharau kuliko nilivyowahi kumdharau mlevi.

Eginald akatoa barua mfukoni. Ilikuwa imeshaandikwa, mistari imenyooka, jina la Kresensia limekolezwa wino. Ilibaki sahihi yangu tu.

"Mkeo alizalishwa na nani?" nikamuuliza.

"Na yeye. Watoto wote watano." Hakuinua macho. "Ndiyo maana nimeiandika vizuri."

Nikaikunja barua nikaitia mfukoni. "Nitaipeleka mwenyewe," nikasema. Wakanishukuru kwa minong'ono. Walidhani nimekubali.

2

Njia ya darajani ni mwendo wa nusu saa, na mimi pia niliinamisha mabega. Simsemi mtu kwa jambo ambalo mimi mwenyewe silifanyi.

Miaka mitatu iliyopita, kabla Mizani haijapandishwa, wataalamu walikuja na kamera zao. Walisema: kaeni kama mnavyokaa siku zote. Mashine inataka kujua raia wa hapa yukoje, ili siku ya vita imtambue. Tutawapiga picha wiki nzima, nanyi msitujali.

Msitujali! Mgeni anakuja kukupiga picha, halafu usimjali! Sisi si watu wa hivyo. Niliitisha mkutano siku ileile, nikapanda juu ya meza. Nikasema picha hizi zitakwenda dunia nzima, na asionekane mtu anakimbia ovyo, wala anapayuka sokoni, wala anatukanana na mtani wake barabarani. Na kila mtu avae viatu.

Watu wakanisikia. Wiki nzima Lihumbati ilivaa viatu. Asiye navyo aliazima, na vya kuazima vinabana, kwa hiyo tulitembea polepole. Ngoma tulifunga. Hata marehemu Xaver tulimzika kimya. Watani waliokuja kulala kaburini na kuzuia mazishi kama ilivyo desturi yao, niliwafukuza mimi mwenyewe. Wataalamu walitusifu sana kwa ustaarabu wetu. Wakaondoka, na mashine yao ya kipumbavu ikajifunza kwamba raia ni mtu aliyebanwa na viatu.

Nililijua hilo tangu mwaka wa kwanza, nilipofika kwenye viambatisho vya mkataba, wiki aliyochukuliwa seremala. Sikusema. Mkataba unasema sampuli ikithibitika kuwa ya uongo inabatilishwa, na kinga inasitishwa siku tisa mashine ikijifunza upya. Siku tisa bila kinga, katikati ya majeshi mawili. Kwa hiyo nilijiambia nalinda watu elfu tatu. Labda nililinda na kitu kingine, maana barabara ya sokoni inaitwa Barabara ya Ngonyani, na hawakuiita hivyo kwa sababu ya babu yangu.

Lakini Kresensia alimpokea mjukuu wangu aliyekaa vibaya tumboni, saa kumi na nne bila kukaa chini. Nilipoliona daraja, niliigusa ile barua mfukoni, nikajua kwamba sitaitoa.

3

Kapteni Mgongolwa alikuwa amesimama penye kizuizi, sare imepigwa pasi. Kwa jina tu unajua ni Mhehe, na mimi ni Mngoni. Zamani babu zetu walichinjana miaka mingi, na walipochoka wakageuza vita kuwa matusi. Tangu hapo Mhehe ni mtumwa wangu nami mtumwa wake. Namtukana, ananitukana, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Wala hakuna anayeruhusiwa kumwacha mwenzake kwenye shida.

Lakini matusi yanapandisha namba. Kwa hiyo miezi mitano, kila tulipokutana pale, watani wawili tulisalimiana kama maaskofu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Kapteni. Kazi inaendeleaje?"

"Vizuri, tunamshukuru Mungu."

Aibu tupu. Nyuma yake bunduki tatu za mashine zilikaa juu ya miguu yao ya chuma, hazina askari, zimeunganishwa na Mizani moja kwa moja. Pembeni, chini ya turubai, alikaa Injinia Pendael, dada wa makamo ambaye kazi yake ni kuitunza Mizani bila kupendelea upande wowote. Alikuwa anachovya mkate kwenye chai.

"Umemleta?" aliuliza Kapteni.

"Nimeleta neno, na ni la Injinia." Nikamgeukia. "Mama, sampuli mliyochukua kwetu haikuwa sisi. Tuliigiza."

Mkate ukakatikia kwenye chai. "Nani aliwaagiza muigize?"

"Kamati," nikasema. Naam, kamati.

"Mzee, unajua unalolisema? Nikiibatilisha—"

"Usiibatilishe. Nataka kiambatisho cha nne, aya ya kumi na moja. Sampuli ya nyongeza. Saa moja, mahali pa wazi, mbele ya afisa na mtaalamu. Raia akiomba, hampaswi kukataa."

Alipekua kwenye skrini yake muda mrefu. "Ipo," akasema, kama mtu aliyekuta funza katika embe. "Haijawahi kutumika."

"Kwa sababu hamsomi."

"Basi soma na aya ya kumi na mbili, Mzee wangu. Saa hiyo moja Mizani inajifunza, lakini bunduki hazilali. Mimi naandika kila ninachokiona kuwa ni cha raia, ila bangili zinapima kwa kipimo cha zamani mpaka saa iishe. Atakayezidi arobaini kabla ya hapo anapigwa." Akaonyesha kifaa kidogo mkononi mwa Kapteni, chenye kitufe cheusi. "Isipokuwa afisa akishikilia kizuio. Kwa dole lake, mfululizo, kwa jina lake. Akiachia sekunde tatu tu, basi."

"Na mimi nishikilie kwa nini?" Kapteni aliuliza. "Mzee, nenda kamlete yule mama. Usinitafutie mashtaka."

Nikainama, nikavua viatu, nikavipanga vizuri pembeni ya daraja. Lami ilikuwa ya moto.

"Nimeomba," nikamwambia Injinia. "Anza."

Akanitazama, akamtazama Kapteni, akabonyeza. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Ee Mhehe!" nilipaza sauti. Miaka mitatu sauti ile ilikuwa haijatoka. Ilikwaruza koo kama mlango wenye kutu. "Mtumwa wangu! Hiyo kofia umepewa au umeokota? Kichwa kimepotea humo ndani kama punje ya hindi kwenye debe!"

Bangili ikaniuma mkononi. Thelathini na tatu.

"Mzee, acha," Kapteni alisema chini kwa chini.

"Niache nini? Tangu ufike hapa, mbwa wa mji huu wamehama! Hata yule kilema wa padri, amejikokota mpaka ameondoka! Na huyo ndiye kapteni? Babu zangu waliwakimbiza babu zako mpaka mkasahau njia ya kurudi kwa mama zenu!"

Arobaini na nne. Nyekundu. Bunduki zote tatu ziligeuza shingo kwa pamoja, taratibu, zikanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kudharau kifo, lakini magoti yangu hayakuwa yamesoma mkataba.

Kapteni alinitazama kwa chuki hasa. Nikaona dole lake limeshashuka juu ya kitufe. Sidhani aliamua. Mtani hafikiri, mdomo ukichokozwa mkono unajua la kufanya.

"Mlitukimbiza?" alisema, na mdomo wake ukaanza kucheza upande mmoja. "Nyinyi? Mzee, babu zako walikuwa wanakimbia kwenda kusini. Sisi tulikuwa nyuma tukiwasindikiza, msije mkapotea na ng'ombe wetu!"

Injinia Pendael akaandika.

4

Nasikia mtu aliyekuwa akichota maji ndiye aliyepeleka habari mjini kwamba Mwenyekiti amepata wazimu na anapigwa risasi darajani. Wa kwanza kutokea alikuwa Kresensia, peku, begi mgongoni, anakimbia. Bangili yake iliwaka kama kaa. Bunduki moja iliniacha mimi ikamgeukia.

"Nani amepigwa?" alipiga kelele kutoka mbali. "Yuko wapi? Mpeni nafasi! Wewe askari, toa hilo buti lako hapo!"

"Hakuna aliyepigwa, Mama," askari mmoja alisema.

"Sasa mmeniitia nini?"

Nikamweleza kwa maneno machache, huku namtukana Kapteni katikati ili saa isipotee. Akasikiliza. Akazitazama bunduki, akautazama mkono wa Kapteni. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita, na dole lilikuwa limebadilika rangi, linatetemeka. Kuhamisha kwa dole jingine hakuruhusiwi. Kitufe kilisoma alama za lilelile.

Akamwendea Kapteni moja kwa moja, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili, akaanza kumkanda.

"Linakufa ganzi?"

"Linakufa, Mama."

"Pumua kwa mdomo. Usibane mabega. Hivyo. Una miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Wenzako wa miaka kumi na tisa wanakaa saa ishirini na hawalii. Shikilia. Nimesema shikilia! Usiachie mpaka niseme."

Askari wake walikufa kwa kicheko. Kapteni mwenyewe alicheka huku machozi ya maumivu yanamtoka, na alipopata pumzi akaniuliza kama wanawake wa Kingoni wote ni wakali hivi, au huyu ni wa dawa. Nikamwambia wengine wakali zaidi; huyu tumemleta kwa kuwa anapenda wagonjwa.

Hapo watu wa mji walikuwa wameshafika. Walisimama mbali, kundi kubwa, mikono mbele, mabega chini. Walinikera mpaka nikasahau bunduki. Nikawageukia.

"Mmekuja kutazama? Mmekuja kanisani? Hii ndiyo saa ya kuonyesha nyinyi ni nani, na mmesimama kama magunia! Vueni viatu mlivyovalishwa na kamati! Semeni!"

Kisha mama muuza dagaa, Bi. Tekla, akarusha kandambili zake hewani, akamwambia askari mwembamba kwamba kama ndiye anayelinda nchi, basi nchi imeshaibiwa. Bangili yake ikawaka nyekundu. Aliitazama, akaitemea mate, akaendelea. Baada ya huyo walikuja wengine. Watu walikimbia, walipayuka, walidaiana vyombo walivyoazimana mwaka juzi. Wazee wawili walilala chali katikati ya daraja wakasema hapapiti maiti wala mzima mpaka wapewe pombe, na mmoja wao alikuwa katika wale niliowafukuza kwenye kaburi la Xaver. Injinia aliandika mpaka chai yake ikaingia nzi. Bunduki tatu ziligeuka huku na huku, watu mia tatu wenye bangili nyekundu mbele yao, na kilichozizuia kilikuwa dole moja la Mhehe na mikono miwili ya mkunga.

"Bado kidogo," Kresensia alikuwa akimwambia. "Bado. Vizuri. Bado."

"Saa imetimia," alisema Injinia Pendael.

"Haya. Achia."

5

Kitufe kilijifunga chenyewe na Kapteni akakaa chini, mkono ameukumbatia kama mtoto. Kisha bangili zikaanza kubadilika. Ya kwangu ilisema kumi na sita. Ya Kresensia, kumi na nne. Aliitazama mara mbili, akaivuta kanga usoni, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuamuru mtu.

Watu wakapiga vigelegele, na namba zao zikashuka zaidi.

Ndipo filimbi ya bunduki ikalia mara ya kwanza. Inalia mara tatu, halafu inapiga.

Shingo tatu za chuma ziligeukia upande mmoja. Kule mwisho wa daraja, peke yake, alisimama Eginald Nyoni. Viatu vimefungwa kamba. Mikono mbele. Mabega chini. Kimya. Tangu afike hakufungua mdomo, na bangili yake, iliyokuwa kumi na saba asubuhi, ilisema arobaini na sita.

Mashine ilikuwa imejifunza raia ni nani. Yeye hakuwamo.

Kapteni alibonyeza kitufe kwa nguvu, lakini kilikuwa kimekufa.

"Eginald!" nilipiga kelele. "Sema kitu!"

Alinitazama kwa macho ya adabu. Midomo yake ilisogea, sauti haikutoka. Filimbi ikalia mara ya pili.

"Tukana, mpumbavu wewe! Kinyonga! Kuku uliyenyeshewa! Umeandika barua ya kumwuza mama aliyemzalisha mkeo watoto watano, na leo huna hata neno moja? Wewe ni mtu au koti limetundikwa?"

Uso wake ulibadilika. Akapiga hatua mbele, akanyoosha kidole, na sauti iliyotoka kwa mtu yule mdogo iligonga vyuma vya daraja.

"Ni wewe! Kamati ilikaa lini? Ni wewe, Osmund, uliyepanda juu ya meza ukatuambia tuvae viatu! Tulikuwa watu hapa! Wewe ukaona aibu na sisi mbele ya wageni! Seremala alikuwa ndugu yangu! Ukatuvalisha viatu, tukakusikia, na tangu siku hiyo unatucheka tunavyotembea!"

Arobaini na moja. Thelathini na sita. Ishirini na tisa. Bunduki ziligeuza shingo zikatazama mto. Filimbi ya tatu haikulia.

Watu wote walikuwa wananitazama. Injinia Pendael ameshika kalamu. Nami nilisimama kama anavyosimama mtu anayeheshimika akisingiziwa: nimenyooka, kimya, mikono nimeikunja mbele.

Bangili ikaniuma. Ishirini na saba. Thelathini na mbili.

"Mzee," Kresensia alisema, "umetukanwa. Jibu."

"Anasema kweli," nikasema polepole. "Ni mimi."

Thelathini na nane. Bunduki moja ikaanza kugeuka.

"Hukusikika!" aliniamuru, kwa ile sauti ya chumba cha wazazi. "Kwa nguvu! Sukuma!"

Nikaitoa barua mfukoni, nikaitupa mtoni. Kisha nikapaza sauti mpaka kule ng'ambo Waliojitenga wakatoka kwenye mahandaki yao kutazama ni nani.

"Ni mimi! Viatu niliwavalisha mimi! Seremala nilimtoa mimi, na nilikuwa najua!"

Namba ikashuka. Eginald alikuwa bado ananitazama, na kwa macho yake haikuonekana kama neno langu lina uzito wowote. Lakini mashine ile ya kipumbavu iliniamini palepale, kama ilivyoniamini ile wiki ya viatu.